Je, wajua kwa nini watu wakiwa wengi msaada huchelewa?

Mtu akianguka barabarani, watu wakamzunguka na kutazama tu, tunasema upesi: utu umekwisha. Ndivyo ilivyosemwa pia mjini New York mwaka 1964, alipouawa usiku binti wa miaka 28, Kitty Genovese. Gazeti la New York Times liliandika kwamba majirani 38 walishuhudia na hakuna aliyepiga simu polisi wakati akishambuliwa. Baadaye ilibainika habari ile ilitiwa chumvi. Kuna hata jirani mmoja aliyeteremka akampakata akiwa bado hai. Lakini wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, walikuwa wameshaanza kujiuliza swali lao.

Waliwaweka vijana chumbani kujaza dodoso, kisha wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kutoa taarifa. Wengine waliwekwa pamoja na watu wawili waliopangwa kutojali chochote. Kati ya 10 wa kundi hilo, ni mmoja tu aliyetoa taarifa. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakapunga moshi kwa mkono, wakafungua dirisha, kisha wakarudi kwenye karatasi zao! Walipoulizwa baadaye, wapo waliosema walidhani ni mvuke. Kwamba wenzao ndio waliowatuliza, hilo walilikana kabisa, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote: tunaongozwa na wengine bila kujijua.

Kinachotokea ni hiki. Jambo likiwa na utata, kila mmoja huibia jicho sura ya mwenzake apate kujua kama kuna hatari. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana mwoga, kila mmoja hujikaza. Basi wote wanasoma utulivu ambao hakuna aliye nao moyoni.

Kuna na sababu ya pili. Katika jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 1968, wanafunzi walizungumza kwa vipaza sauti, kila mtu chumba chake, mara wakasikia mwenzao akishikwa na kifafa (sauti ilikuwa imerekodiwa). Walioamini ni wao pekee wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. Jukumu lilikuwa limegawanyika, kila mtu akidhani fulani ameshakwenda. Tena hawakuwa na roho ngumu, maana wengi wa waliobaki walikutwa mikono ikitetemeka.

Kwa hiyo wakufunzi wa huduma ya kwanza husisitiza usiishie kuita “jamani, msaada!” Mnyooshee kidole mtu mmoja: “Kaka wewe mwenye shati la bluu, piga simu.”

Umati nao si adui siku zote. Utafiti wa mwaka 2019 ulichunguza picha za kamera za usalama za ugomvi 219 wa mitaani nchini Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini. Katika kila ugomvi 10, takriban 9 walitokea watu wa kuingilia, na kadiri watazamaji walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano huo ulivyopanda. Ngumi zikirushwa mbele ya macho yako, huhitaji kusoma uso wa jirani ili ujue kuna hatari.