Chuma hakijikunji: tunayodanganyana kuhusu kurigi vitu vigumu

Wadau wa animesheni, hasa vijana wa hapa Kigoma na Ujiji mnaojifunza Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, kwa bando la usiku, leo naomba tuongee kuhusu kurigi, yani kukiandaa kitu kiweze kusogezwa, na hasa vitu vigumu kama baiskeli, lori, mlango, kreni, meli, vile visivyo na nyama wala ngozi. Kila wiki napokea faili la mtu anasema rigi imegoma, nikifungua nakuta yaleyale, makosa yanayotokana na kauli hizi tunazoambiana.

"Kurigi ni lazima uweke mifupa afu upake weiti." Hapana jamani! Weiti ni kiasi ambacho kila sehemu ya kitu inaufuata mfupa. Hii tumeibeba kutoka kwenye masomo ya kurigi binadamu maana video nyingi zinaanzia hapo. Kiwiko cha mtu kina ngozi inayojikunja, kwa hiyo veteksi moja, yani nukta moja ya umbo, inasikiliza mifupa miwili, huyu robo huyu robo tatu. Rimu ya baiskeli haina habari hizo. Kuna dogo alinitumia baiskeli aliyoimodo, yani aliyoiunda kwenye kompyuta, vizuri mno, spoku zote zipo, kengele ipo, hadi keria ya kubebea mkaa, afu akaijaza mifupa na kubonyeza weiti za otomatiki, programu ikagawa weiti kulingana na mfupa ulio karibu, basi akizungusha pedali fremu nayo inajinyonga kama kandambili iliyoachwa juani. Tukafuta mifupa yote, tukatumia mzazi na mtoto tu, mzazi akisogea mtoto anamfuata. Gurudumu la nyuma mtoto wa fremu, steling mtoto wa fremu, gurudumu la mbele mtoto wa steling, ikatembea. Mifupa ukiitaka weka, inasaidia sana kitu kikiwa na vipande vingi kama kijiko cha kuchimbia, ila kila kipande kimsikilize mfupa mmoja tu kwa asilimia 100.

"Orijini ikae popote, we zungusha tu." Hapa ndo penyewe, maana orijini ni nukta ambayo kitu kinazungukia, na ningeomba mtu akae nusu saa kwa fundi baiskeli kabla hajagusa kompyuta. Anaigeuza baiskeli miguu juu, anasukuma gurudumu kwa kidole, macho yako pale rimu inapopita katikati ya breki, ikivutika kulia anakaza spoku za kushoto nusu mzunguko, anasukuma tena. Kila anachofanya anakipima kwa ekseli. Kwenye programu orijini ndo ekseli yako, ikikaa pembeni sentimita 1 tu gurudumu linapanda sentimita 1 na kushuka sentimita 1 kila mzunguko, na mtazamaji ataliona hata kama hajui kulitaja. Ingia modi ya kuediti, chagua duara la tundu la habu, yani kitovu cha gurudumu, bonyeza Shift+S upeleke kishale cha 3D hapo, rudi nje, ipeleke orijini kwenye kishale. Mlango ni hivohivo, orijini inakaa kwenye bawaba.

"Ukishavuta saizi imeisha." Haijaisha, programu inaukumbuka ule mvuto na inaurithisha kwa watoto. Ukirefusha fremu upande mmoja bila kufanya Ctrl+A na kuchagua skeli, yani kipimo cha ukubwa, mkono wa pedali ukilala unarefuka, ukisimama unafupika, na utatafuta kosa usiku kucha. Skeli isomeke 1, 1, 1 kabla hujampa mzazi watoto.

"Gurudumu unakadiria kwa macho." Gurudumu la kipenyo cha sentimita 70 likizunguka mara moja baiskeli imesogea sentimita 220, hesabu ya darasani kabisa, 70 mara 22 gawanya kwa 7. Ukilipa mzunguko mmoja kwa mita 3 linateleza kama liko kwenye tope la masika. Weka draiva, yani fomula inayozungusha gurudumu yenyewe: umbali kwa mita gawanya kwa nusu kipenyo, yani 0.35. Jibu linatoka kwa radiani, kipimo cha pembe, na draiva za Blender zinataka radiani hiyohiyo kwenye mzunguko, kwa hiyo usiigeuze kuwa digrii, likizunguka kinyumenyume ongeza alama ya kutoa. Hii ni kwa njia iliyonyooka, kona zina kazi yake nyingine.

Kuhusu kwamba inataka kompyuta kubwa, si kweli, kipande kigumu kinasogezwa kizima bila kukokotoa kila veteksi, ni kazi nyepesi kuliko mtu mmoja mwenye ngozi.

"Unganisha vyote viwe meshi (umbo) moja ndo usafi." Meli yetu Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwenye makasha kama 5,000 mpaka hapa Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Mi naimodo sasaivi na sihitaji vipande vyote vile. Najiuliza swali moja tu, nini kinasogea peke yake? Bodi na vyumba vya juu ni kitu kimoja, propela mbili zinajitegemea, usukani unajitegemea, mkono wa kreni ya mizigo unajitegemea.

Na hiyo kreni ndo imenifundisha kwamba si kila kinachoshikana na kingine kinarithi kila kitu. Ndoano nikiifanya mtoto kamili wa mkono, mkono ukiinuka ndoano nayo inalala, na gunia la dagaa linalala hewani. Kwa hiyo ndoano nimeiwekea konstreinti, yani kanuni ya kufuata kitu kingine, hii ya kunakili mahali tu, mzunguko haichukui, inafuata ncha ya mkono ila inaning'inia wima muda wote. Pedali ya baiskeli ni hivohivo, inafuata ncha ya mkono wake lakini haipinduki nao, maana juu yake kuna mguu wa mtu.