Je, wajua? Serikali inajuaje kwamba antibaotiki flani haiui tena wadudu wa magonjwa, yaani bakteria?

Mtu yuko Majengo hapa Moshi, anaumwa UTI, anaingia duka la dawa anapewa sipro (antibaotiki), anameza siku mbili anapata nafuu, zilizobaki anaweka kabatini. Huyo hakuna anayemhesabu popote. Anayehesabiwa ni yule aliyefika hospitali yenye maabara ya kuotesha, tuseme KCMC, akatoa mkojo au damu.

Pale mkojo unapakwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kinalala kwenye joto la kama nyuzi 35 mpaka kesho yake, wakiota wanatambuliwa ni akina nani, halafu wanapakwa tena kwenye kisahani kingine na juu yake vinawekwa vikaratasi vya duara vya milimita 6, kila kimoja kina dawa yake. Asubuhi ukiangalia, dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara tupu pasipoota kitu, na ile iliyoshindwa wadudu wameota mpaka wamegusa karatasi kabisa. Duara linapimwa kwa rula, milimita zinalinganishwa na jedwali, basi. Kazi yote hiyo inategemea rula, mimi hiyo ndo inanifurahishaga.

Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, maabara nyingi duniani zinatumia programu ya WHONET ambayo ni ya bure, yanaenda taifani, na nchi zinazoshiriki zinapeleka GLASS, mfumo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa kufuatilia usugu, yaani wadudu kutokufa kwa dawa, ulioanza 2015. Mgonjwa akipimwa mara tano kwa mdudu yuleyule anahesabiwa mara moja tu, la sivyo mtu mmoja aliyelazwa muda mrefu angeharibu hesabu za mkoa mzima.

Sasa shida iko hapa: wanaooteshewa wengi ni wale ambao dawa za dukani zimeshagoma, kwahiyo asilimia za usugu zinazotoka hospitali kubwa mara nyingi ziko juu kuliko hali ya mtaani, na mtaani kwenyewe hatupaoni vizuri. Ukisikia asilimia kubwa kwenye taarifa uliza kwanza ni ya wagonjwa gani.

Ndo maana WHO wana utaratibu mwingine unaoitwa Tricycle, unamfuata mdudu mmoja tu, E. koli (bakteria wa tumboni) mwenye kimeng'enya cha ESBL kinachovunja dawa nyingi za jamii ya penisilini na hata seftriaksoni, anatafutwa kwa watu, kwa kuku na kwenye maji. Kuku ni kwa sababu wafugaji nao wananunua antibaotiki duka la mifugo, na mara nyingi ni dawa za jamii zilezile tunazomeza sisi.