Je, wajua kwa nini mtungi wa hewa hupimwa kwa maji?

Bunduki ya upepo ya kisasa haitumii baruti. Katika aina moja maarufu, chini ya mtutu kuna mtungi mwembamba wa hewa iliyoshindiliwa hadi bar 200, mingine hadi 300, na kila ukivuta kifyatulio vali hufunguka kufumba na kufumbua, hewa kidogo ikatoka na kusukuma kirisasi. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushee tu. Wazo lenyewe ni kongwe: jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya Girardoni, ambayo kitako chake ndicho kilikuwa mtungi, tangu karne ya 18.

Wenye bunduki hizi wengi huzijaza kutoka mtungi mkubwa zaidi, mara nyingi wa aina ileile wanayobeba wapiga mbizi wa Pemba au Watamu. Uingereza na Marekani mtungi huo mkubwa hurudishwa kituo cha ukaguzi kila baada ya miaka 5. Hewa hutolewa yote, vali hufunguliwa, mtungi hujazwa maji, kisha maji hayo hushindiliwa kwa presha kubwa kuliko ile ya kazi yake ya kila siku.

Kwa nini maji? Jibu linalokuja haraka ni la fundi wa pancha: kitu kikizamishwa majini, mapovu yataonyesha kinapovuja. Jibu hilo lina mvuto kiasi kwamba hata watu waliokwisha kuona mtungi ukizamishwa kituoni huendelea kuliamini. Lakini siku ya kipimo hakuna mapovu ya kutazamwa, kwa sababu hakuna hewa. Maji yako ndani na nje. Isitoshe, kuvuja si jambo linalomnyima mkaguzi usingizi. Vali inayovuja hugunduliwa kwa povu la sabuni, tena bila mitambo. Mtungi unaovuja unakera. Unaopasuka unaua.

Kuna jibu la pili, lenye nusu ya ukweli: kwamba mtungi hushindiliwa kupita kiasi ili kuona kama utapasuka, na usipopasuka umefaulu. Mtungi unaweza kutoka mzima kabisa, bila ufa wala tone la kuvuja, na bado ukakataliwa.

Tuanze na maji yenyewe. Chukua mtungi wa chuma wa lita 3 wenye presha ya kazi ya bar 300. Kwa kanuni za Ulaya hujaribiwa kwa mara moja na nusu ya hapo, yaani bar 450. Maji yakibanwa kiasi hicho hupungua ujazo kwa asilimia 2 tu, kama mililita 60 kwa lita hizo 3. Chuma kikichanika, maji hutanuka hizo mililita 60 na presha imekwisha. Kihesabu, hapo inatoka nishati ya jouli 1,400 hivi, karibu sawa na ya mtu wa kilo 70 anayeanguka kutoka kimo cha mita 2. Ungeweka hewa badala ya maji, hewa hiyo ingetaka nafasi ya zaidi ya lita 1,000, nayo ingesukuma kila kilicho mbele yake mpaka iipate. Makadirio yanafika jouli 280,000, kama gramu 65 za TNT. Tofauti ni ya mara 200. Hesabu hii haijaingiza nishati iliyomo kwenye chuma chenyewe kilichotanuka, kwa hiyo mtu mwenye akili hasimami karibu hata pakitumika maji.

Maji, basi, yapo ili kosa lisigeuke maafa. Kinachopimwa ni kitu kingine: mtungi unavimba.

Ndiyo, chuma kizito namna ile huvimba. Mtungi uliojaa maji hutumbukizwa ndani ya pipa la chuma, nalo limejaa maji hadi juu na kufungwa kabisa, njia pekee ya kutokea ikiwa bomba jembamba la kioo lenye mistari ya vipimo. (Vituo vingine hutumia mizani badala ya bomba.) Presha ikipanda ndani ya mtungi, kuta zake zinasogea nje kidogo, na maji ya pipani, yakikosa pa kwenda, yanapanda kwenye kioo. Fundi anasoma. Anaishikilia presha kwa angalau nusu dakika, kisha anaiachia, maji ya kwenye kioo yanashuka, naye anasoma tena. Usomaji huu wa pili ndio wenye uzito.

Fikiria lastiki ya sketi ya shule. Ikiwa mpya unaivuta, ukiiachia inarudi. Ikichoka inavutika vilevile, pengine kwa urahisi zaidi, lakini ukiiachia inabaki imelegea. Hali yake huijui kwa kuangalia imevutika kiasi gani. Unaijua kwa kuangalia imerudi kiasi gani. Tuseme mtungi wetu umesukuma mililita 15 kwenye kioo, na baada ya presha kuachiwa imebaki nusu mililita. Hiyo ni asilimia 3 na kidogo; hakuna tatizo. Marekani, kwa mitungi ya kawaida ya chuma na alumini, mpaka ni asilimia 10. Kwa mfano huu ni mililita 1.5, chini ya theluthi ya kijiko cha chai, na hicho ndicho kinachoamua kama mtungi utarudi nyumbani au utaishia kwenye vyuma chakavu.

Na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Kanuni za Marekani zinakataza mtungi kushindiliwa kupita asilimia 90 ya presha ya majaribio kabla ya kipimo chenyewe. Mtu angedhani jaribio la awali ni tahadhari njema. Lakini rudi kwenye lastiki: mtu akiivuta kwanza mpaka ilegee, halafu akakupa wewe, ukiivuta kwa nguvu ileile itarudi pale ulipoipokea, nawe utaiita nzima. Chuma nacho hubaki kimevimba mara ya kwanza tu. Ukirudia presha ileile, hurudi vizuri na ushahidi umepotea.

Ndiyo maana kipimo hiki kina maana hata kwa mtungi uliokwisha kukipita kiwandani. Ambao haujabadilika hauna sababu ya kubaki umevimba mara ya pili. Ukibaki umevimba, kuna kilichotokea katikati: labda kutu imeula ukuta kwa ndani, labda uliungua na aloi yake (metali iliyochanganywa) ikapoteza ugumu, hata kama nje umepakwa rangi upya.

Si kila kituo hupima uvimbe. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa mitungi, ISO 18119, kinaruhusu pia njia nyepesi: kupandisha presha, kuishikilia, na kutazama kama sindano ya geji inashuka au umbo limeharibika. Tena kuna kasoro ambazo maji hayazioni. Mitungi ya zamani ya aloi ya alumini 6351 huweza kuota nyufa shingoni, zinazokua polepole kwa miaka. Shingo ni nene, ufa wake hauongezi uvimbe, na mtungi unaweza kufaulu huku ufa ukiendelea. Tangu 2007 Marekani inataka mitungi ya aloi hiyo inayotumika kwa uzamiaji ipimwe pia kwa koili ya umeme inayoingizwa shingoni, kwenye hesi za kufungia vali, kwani ufa huvuruga mkondo. Mwenye kununua mtungi mkuukuu wa wapiga mbizi ili ajazie bunduki ana sababu ya kusoma kwanza kilichogongwa begani mwake.

Kwingineko hukumu ni ya kalenda. Mingi ya mitungi iliyozungushiwa nyuzi za kaboni hupewa miaka 15 tu, hata ikifaulu kila kipimo. Mitungi midogo iliyo kwenye bunduki zenyewe mara nyingi haipimwi kabisa: Marekani, mtungi wenye kipenyo kisichozidi inchi 2 na urefu chini ya futi 2 umesamehewa kipimo cha uvimbe. Katika mashindano ya mita 10, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, ISSF, limeweka kikomo cha miaka 10, na mwenye jukumu la kuhakikisha tarehe haijapita, kwa mujibu wa kanuni, ni mchezaji mwenyewe.