Hivyo vijani viwili vya mviringo si magugu

Kila msimu wa kupanda malisho tunapokea lalamiko lilelile: mkulima amepanda lusini (alfalfa, mmea wa malisho), siku chache baadaye anaona vijani viwili vya mviringo visivyofanana na lusini hata kidogo, basi anaamua ameuziwa magugu. Wapo wanaong'oa kwanza ndipo wapige simu. Tunaomba subira ya wiki mbili tatu.

Hayo ni majani ya mbegu. Yalikuwamo ndani ya mbegu tangu mwanzo, nayo ndiyo ghala la chakula cha mche. Baada yake hutokea jani moja lisilogawanyika, kisha ndipo yaje yale ya vipande vitatu mnayoyajua. Ndiyo, moja. Si kasoro.

Gramu moja ya lusini ina mbegu zipatazo 500, kwa hiyo akiba ya kila mbegu ni ndogo mno. Kishina hutangulia kikiwa kimepinda kama kulabu, kikitoboa udongo kwa mgongo, kisha hunyooka na kuyavuta majani ya mbegu juu. Kina cha sentimita moja kinatosha. Ukifukia sentimita nne, akiba huisha njiani. Yakishatoka, hugeuka kijani na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, wakati ambao vinundu vya kunasa nitrojeni bado havijaanza kazi mizizini. Tena kwenye kwapa la kila jani la mbegu kuna chipukizi. Sota (kiwavi mkata miche) akikata juu yake, mche waweza kuchipua upya. Akikata chini yake, umekwisha. (Njegere za malisho ni tofauti, majani yake ya mbegu hubaki udongoni, msiyatafute.)

Mwenye shaka na mbegu alete pakiti yenye lebo, namba ya fungu (kundi la mbegu ambamo pakiti ilitoka) ikisomeka, pamoja na mbegu zilizobaki. Bila namba ya fungu lalamiko halisongi mbele, hata mlalamikaji awe na hasira kiasi gani. Kwa kanuni za ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, maabara huotesha mbegu 400 za lusini kwa nyuzi 20 za Selsiasi na kuhesabu miche siku ya 4 na ya 10. Mche uliopoteza zaidi ya nusu ya majani yake ya mbegu, kwa kukatika au kuoza, hauhesabiwi kuwa wa kawaida, hata mzizi wake ukiwa mzuri. Mbegu ngumu, zile ambazo ganda halijapitisha maji, huandikwa kando kwa sababu ziko hai. Kuzichemsha ili "ziamke" ni kuziua, na tumeshaletewa zilizochemshwa zikisindikizwa na barua ya kudai fidia.

Miche ya kukaguliwa ing'olewe pamoja na udongo wake, ifungwe kwenye gazeti lenye unyevu na ifike siku hiyohiyo. Iliyokauka haitambuliki, majani ya mbegu ndiyo hutangulia kunyauka.