Picha ya Eleonora wa Toledo: yanayosemwa na yaliyomo

Mnamo 1545 hivi, Agnolo Bronzino alimchora Eleonora, mke wa Cosimo de' Medici, mtawala wa Florence, mji wa Italia, akiwa na mwanawe mdogo. Picha iko katika jumba la makumbusho la Uffizi, mjini humo. Naipenda mno, ndiyo maana huniuma ikisomwa vibaya.

Dhana: Eleonora alizikwa na gauni hilihili la pichani.

Ukweli: Hadithi hii imerudiwa miaka mingi. Nguo zilizotolewa kaburini mwake zimehifadhiwa Palazzo Pitti, jumba jingine la Florence, nazo ni gauni jingine kabisa, la atilasi lenye mistari ya mahameli iliyotariziwa. Kilichofanana na cha pichani ni wavu wa nywele, na uvumi ukaota hapo.

Gauni la pichani lina kazi yake. Limechukua nafasi kubwa kuliko uso. Sogea karibu: nakshi nyeusi zinajipinda juu ya kitambaa cheupe, na katikati ya kifua limekaa komamanga kubwa la dhahabu. Tunda lililojaa mbegu ni ishara ya uzazi, na Eleonora alizaa watoto 11. Tena hariri ya namna hiyo ndiyo biashara iliyoipa Florence jina. Kwa hiyo amevaa uzazi wake na utajiri wa mji kwa pamoja.

Dhana: Mtoto ni mrithi wa kiti.

Ukweli: Mrithi alikuwa Francesco, aliyezaliwa 1541. Huyu ni Giovanni, wa 1543. Nadhani hapo ndipo penye ujumbe: nyumba hii haitegemei roho ya mtoto mmoja.

Dhana: Uso ule mkavu ni wa mwanamke asiye na huruma, pambo la mumewe tu.

Ukweli: Bronzino aliwachora hivyo wakubwa wengi, utulivu ule ni heshima ya cheo. Cosimo aliposafiri, Eleonora ndiye aliyeshika utawala. Utazame pia mkono wake begani kwa mtoto.

Dhana: Giovanni aliuawa na mdogo wake Garzia, naye Garzia akauawa na baba yao.

Ukweli: Ni malaria. Mifupa yao imepimwa, ikakutwa na dalili za vimelea. Mwishoni mwa 1562 alitangulia Giovanni, akafuata Garzia, kisha mama yao siku chache baadaye. Giovanni, huyu wa mashavu ya mviringo pichani, alikuwa na miaka 19.