Anabishana vizuri, mbona insha yake haishawishi?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mwamuzi wa mdahalo katika shule moja ya upili hapa Mombasa. Mada ilikuwa ile isiyochakaa huku kwetu: Likoni, pale watu wanapovuka kwa feri kati ya kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini, kujengwe daraja, feri zipumzike. Msichana mmoja wa upande wa upinzani alisimama, akasema mamake huuza mihogo ya kuchoma pale kivukoni, na foleni ya abiria ndiyo duka lake. "Mkishajenga daraja lenu," akawauliza wapendekezi, "watu watapita juu kwa juu. Nani atateremka kuja kununua muhogo?" Ukumbi mzima ulicheka, na wapendekezi wakakosa la kusema.

Wiki mbili baadaye mwalimu wao aliniletea insha walizoandika juu ya mada hiyohiyo. Ya yule msichana ilianza hivi: "Tangu jadi na jadudi, usafiri umekuwa jambo muhimu katika maisha ya binadamu." Zikafuata hoja sita, kila moja mistari mitatu, zimepambwa kwa methali nne. Muhogo haumo. Mama hayumo. Nilipokutana naye tena nikamwuliza, mwanangu, mbona yale uliyosema ukumbini hukuyaandika? Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, nilidhani hayo si mambo ya insha."

Jibu hilo sijaweza kulisahau, kwa kuwa kazi yangu katika taasisi yetu ni kuwafunza walimu namna ya kufundisha uandishi. Tumemzoesha mtoto kuziacha hoja zake mlangoni kama viatu vya msikitini, kisha tunashangaa akiingia na maneno matupu. Nami simo nje ya lawama hiyo. Kwa miaka mingi nilifundisha "kwanza, pili, tatu, mwisho kabisa" nikiamini kwamba hoja nyingi ndiyo hoja nzito.

Najua swali la kwanza la walimu wenzangu: na mtihani je? Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili hapa Kenya, humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 kuandika insha 2, kila moja ya alama 20 na maneno yasiyopungua 400. Ukigawanya, kila insha ina dakika kama 52. Aliyezoeshwa kuwinda hoja sita huzimaliza dakika hizo mawindoni. Mimi hupendekeza dakika 10 za mwanzo asiandike sentensi hata moja ya insha. Apige msitari katikati ya karatasi, huku aandike asemalo yeye, huku aandike atakalosema mtu asiyekubaliana naye. Hoja tatu zilizopita kwenye chekeche hilo zinajaza maneno 400 bila kuvutwa.

Sasa tuitazame hoja moja kwa karibu. Katika zile insha, mvulana wa upande wa wapendekezi aliandika: "Feri ni hatari. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa. Kwa hivyo daraja lijengwe Likoni." Kwa mtazamo wa haraka amefanya vyema, maana ana dai na ana ushahidi wa kweli wenye tarehe. Lakini soma tena ukiwa mpinzani. Mtongwe ni kivuko kingine, si Likoni. Feri ile ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Mpinzani atasema ajali ile inatufunza kuhesabu abiria na kusimamia vyombo, wala haisemi lolote juu ya daraja.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza mwaka 1958 kwamba kati ya dai na ushahidi pana kitu cha tatu ambacho mara nyingi msemaji hakitamki: ile sababu inayouruhusu ushahidi huu kulibeba dai lile. Darasani mwetu tumekiita kivuko, na kwa mada hii jina hilo huleta kicheko. Ushahidi uko ng'ambo hii, dai liko ng'ambo ile; nini kinauvusha? Mvulana yule alipoulizwa hivyo alifikiri kitambo, kisha akaandika: "Popote panapovukwa na umati kwa chombo, usalama hutegemea mtu fulani kukataa pesa au kelele na kusema chombo kimejaa. Daraja haliombi mtu kukataa." Bado waweza kumpinga, tena kwa urahisi, lakini sasa kuna kitu cha kupingwa. Mwalimu aliyemfundisha mwanafunzi kuuliza "nini kinauvusha?" kwa kila aya amemaliza nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni kumsikia mwenzio, na hapa sisi wa Pwani tuna mtaji tunaoulalia. Pita Mji wa Kale baada ya alasiri, muuza kahawa anagonganisha vikombe, watu wamejaa kibarazani wanabishana juu ya mpira au juu ya gavana. Anayepaza sauti husikilizwa kidogo tu. Anayeheshimiwa ni yule anayeshusha kikombe na kusema, "Haya, tuseme ni kweli usemavyo. Lakini niambie hili." Ametoa kwanza kabla ya kudai. Mji huu ni wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyejibizana kwa tungo na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, na utungo wa kumjibu mtu huwezi kuutunga bila kusikia vizuri alichosema.

Kuna wazazi wanaochelea jambo hili. Mtoto akifunzwa kupinga, si atakuja kutujibiza nyumbani? Wasiwasi huo nauelewa. Nimelelewa katika nyumba ambayo neno "kwani" likitoka vibaya kinywani mwa mtoto lilikuwa na gharama yake. Hata hivyo, adabu yetu ndiyo yenye lugha bora ya hoja. Mtoto anayemwambia nyanyake "nisamehe, nyanya, nimekusikia, ila naona hivi" anafanya kile hasa ambacho walimu wa uandishi duniani kote hutafuta: kukiri, kisha kugeuza. Ihamishe karatasini na unapata "ni kweli kwamba," "haikosi," "hata ingawa," "hata hivyo," "ilhali." Yule anayeandika "kila mtu anajua" na "hakuna asiyefahamu" ndiye aliyekosa adabu, kwa kuwa amemziba msomaji mdomo. Nyumbani, basi, mtoto akidai jambo mwulizeni sababu, na akiitoa mjibuni sababu yake.

Mazoezi tunayoyatumia ni mepesi. Wanaounga mkono mada wanaandika aya ya wapinzani, na wapinzani wanaandika ya wenzao. Kisha kila upande unasomewa aya yake iliyoandikwa na mahasimu. Ukisema "naam, hivyo ndivyo tunavyosema, tena mmesema vizuri kuliko sisi," aya inapita. Usiporidhika, inarudi. Mara ya kwanza darasa hukasirika kweli, maana kila mtu hugundua jinsi alivyomfanya mwenziwe aonekane mjinga.

Hapo ndipo tofauti ya insha ya kushawishi na insha ya mjadala inapoeleweka bila kukaririwa. Insha ya kushawishi ina upande mmoja na inamtaka msomaji afanye jambo: hotuba ya kiranja, barua kwa mhariri, ombi kwa mkuu wa shule. Mpinzani hutajwa humo ili ajibiwe. Insha ya mjadala humpa kila upande kiti chake, na mwandishi hutoa uamuzi wake mwishoni baada ya kupima. Mwanafunzi akiona neno "jadili" asikimbilie kambi moja. Katika mada yetu, mjadala wa kweli utamtaja mgonjwa anayehitaji kuvushwa usiku kwenda hospitali kisiwani, na utataja kwamba waendao kwa miguu huvuka kwa feri bila malipo. Utasema kuwa mlango ule ndio njia ya meli ziingiazo bandari ya Kilindini, kwa hivyo daraja halina budi kuinuka juu sana, na kupanda huko si jambo dogo kwa mwenye mkokoteni. Tena mwenye gari aendaye Diani sasa ana barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri, lakini barabara hiyo haimsaidii kibarua wa Likoni anayewahi kazini kwa miguu. Ukishaweka watu hawa wote mezani, hukumu yako itakuwa na masharti, na masharti ndiyo dalili kwamba umefikiri.

Nigusie methali, maana nikizinyamazia nitaulizwa. Sizichukii. Ninachokataa ni kuzitumia kama ushahidi. Mwanafunzi akiandika kwamba daraja lijengwe upesi kwa sababu ngoja ngoja huumiza matumbo, mwenzake ataandika lisijengwe upesi kwa sababu haraka haraka haina baraka, na wote wawili wamenukuu sawasawa. Zibandikeni ubaoni zile mbili, muwaulize watoto ni hali gani humpa haki huyu na hali gani humpa haki yule. Dakika 40 za kipindi hazitawatosha.

Walimu wengi hushindwa mahali pamoja tu. Huko Sydney, Australia, wanaisimu na walimu wa miaka ya 1980 walieneza mtindo wa hatua tatu: kusoma na kuchambua kielelezo pamoja, kuandika pamoja, kisha kila mwanafunzi kuandika peke yake. Sisi tunafanya ya kwanza kidogo, tunaruka ya pili, tunaipa ya tatu uzito wote kama kazi ya nyumbani. Hatua iliyorukwa ndiyo yenye nguvu. Mwalimu anashika chaki, darasa linapendekeza sentensi, anaiandika, mtu wa dawati la nyuma anaipinga, inafutwa nusu, inaandikwa upya. Watoto wanaona kwa macho yao kwamba hata mwalimu hufuta. Kwa darasa lenye wanafunzi wengi hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu unasahihisha aya moja mbele ya watu wote badala ya kubeba rundo la madaftari kwenye matatu.

Ushahidi nao utafutwe nje ya vichwa. "Watu wengi huchelewa" ni maneno ya uvivu. Mwanafunzi anayevuka kila asubuhi anaweza kuandika saa aliyofika kwenye geti na saa aliyoshuka ng'ambo, siku tano mfululizo, na tayari ana kitu ambacho hata mbunge hana mfukoni. Tena msomaji awe mtu wa kweli. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma katika Kifungu cha 37, na kwa Bunge katika Kifungu cha 119. Ombi la aina hiyo ni insha ya kushawishi yenye anwani. Mtoto akijua barua yake itasomwa na karani wa kaunti, "tangu jadi na jadudi" inajifuta yenyewe.

Imebaki kalamu nyekundu. Kwa muda mrefu niliandika pambizoni "fafanua," neno ambalo halijawahi kumsaidia mtoto yeyote niliyemfundisha. Siku hizi naandika maswali: nani atakataa hili? Umelijuaje? Linavukaje hadi kwenye dai lako? Makosa ya tahajia nayaacha hadi rasimu ya mwisho, na baadhi ya walimu wenzangu wananilaumu kwa hilo.

Yule msichana wa mihogo aliandika upya. Rasimu ya pili haikuwa na jadi wala jadudi. Ilianza hivi: "Mama yangu huuza mihogo kivukoni. Feri ikikawia, yeye huuza zaidi. Nayasema haya kwanza ili msomaji ajue kwamba nina masilahi yangu, kisha anipime." Ukurasa wa pili, mwenzake wa dawati alikuwa amemwandikia pambizoni kwa penseli: "Na mama yako akiugua usiku, feri zimepungua, je?" Chini ya swali hilo msichana alikuwa ameacha mistari mitano mitupu, na alipomkabidhi mwalimu daftari alimwomba asilisahihishe kwanza, ampe mpaka Jumatatu.