Jules Verne hakuwa nabii: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Jules Verne, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa mzaliwa wa Nantes, ndiye aliyebuni nyambizi. Riwaya yake ya Lieue 20,000 Chini ya Bahari, ambamo Kapteni Nemo anasafiri kwa nyambizi iitwayo Nautilus, ilianza kutoka mwaka 1869, ilhali Robert Fulton alikwisha kuunda nyambizi yenye jina lilelile la Nautilus mwaka 1800, na wanamaji wa Ufaransa waliteremsha yao, Plongeur, mwaka 1863. Verne alisomea sheria, si sayansi. Kipawa chake kilikuwa kusoma magazeti na taarifa za wataalamu kwa bidii isiyochoka, kisha kuyageuza aliyoyasoma kuwa visa. Hata zile lieue 20,000 (lieue ni kipimo cha zamani cha umbali cha Kifaransa) za jina la kitabu hicho si kina cha bahari bali urefu wa safari, takriban kilomita 80,000.

Si kweli pia kwamba alisafiri kwa kalamu tu, kwani mwaka 1867 alivuka Atlantiki kwa meli ya Great Eastern hadi Marekani, na baadaye akamiliki mashua tatu, zote zikiitwa Saint-Michel. Afrika Mashariki, hata hivyo, hakuikanyaga. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1863, inawarusha wasafiri kwa puto kutoka Zanzibar, na aliyoyajua kuhusu bara yalitokana na maandishi ya wapelelezi wa Kizungu kama Burton na Speke. Ndiyo maana Wazanzibari wake wanataka kulizuia puto wakihofia kwamba litaudhuru jua na mwezi. Kwa kisiwa ambacho manahodha wake walisafiri kwa kuzisoma nyota, hilo ni kosa kubwa, na msomaji wetu ana haki ya kulitaja bila kuudharau ufundi wa mwandishi.

Wengine hudhani kwamba mtu aliyetunga riwaya zaidi ya 50 aliandika apendavyo. Mchapishaji wake, Pierre-Jules Hetzel, alimfunga kwa mkataba wa vitabu kila mwaka, akamkatalia kumfanya Nemo kuwa Mpolandi mwenye kisasi na Warusi, na akaikataa riwaya yenye huzuni kuhusu Paris ya karne ya 20, ambayo haikuchapishwa hadi mwaka 1994. Aidha, riwaya kadhaa zilizotoka baada ya kifo chake mwaka 1905 si zake peke yake: mwanawe, Michel, alizibadilisha, nyingine kwa kuziongezea sura nzima, na wasomaji walizipokea kwa miongo kadhaa kama kazi ya baba.